Ukuta wa Mikono Juu

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba ya Bukavu. Babu yako anakohoa kidogo. Mimi nimetoka kazini miguu imevimba.

Umeniuliza, "Koko, huko Minneapolis, zaidi ya Babu, una mtu?" Ngoja nikuambie.

Wakati mama yako anangoja kupasuliwa huko kwenu, nilishuka basi nimechoka, nikaona ukuta umechorwa watu wengi, mikono juu, macho mbinguni. Nikajua ni kanisa. Nikavua viatu palepale, nikaomba kwa sauti kama tunavyoomba sisi, nikilia na kutaja jina lake: Furaha, Furaha.

Mama mmoja wa Meksiko, brashi mkononi, akashuka kwenye ngazi, akasimama kando yangu mpaka nikasema amina. Kumbe aliowachora ni mashabiki wa besiboli, watu wa kwao, wanashangilia timu ya mji, wanaangalia mpira uliopigwa kwa gongo ukipaa! Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Kwa Kiingereza chetu cha kazini akauliza, "Furaha ni nani?"

"Binti yangu. Mgonjwa."

Mchezo wenyewe sijauelewa hata leo. Lakini huyo mama, Lupe, kila tukikutana kituoni, hata kabla ya salamu, "Furaha?"

"Mzima!"

Basi anainua mikono juu, pamoja na uchovu wake wote, kama wale wa ukutani.

Mwambie mama yako kuna mtu huku anamuulizia.

Koko yako anayekuombea