Mjomba Mlangoni mwa Chumba cha Mbu

Nyumba ya Mwisho,
Mtaa wa Nyuma ya Zahanati.
Jumapili, 12 Agosti 2018.

Mpendwa binamu yangu Kitinda,

Habari za huko ugenini? Kile kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi huku tunaamka. Presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa. Mwanangu mdogo ameota meno, na anamng'ata kila anayembeba.

Ulipopiga simu Ijumaa nilisema baba yako hajambo, kwa sababu mama yako alikuwa ameketi karibu nami na jicho lake lilinikataza kukutisha. Sasa nakuandikia ukweli. Barua hii anakuletea muuguzi mwenzangu anayepanda ndege kesho.

Unajua kwamba tangu Juni Mjomba alikuwa akiamka, anavaa koti lake jeupe la kazini na kushika njia ya chuo kikuu, walinzi wakimrudisha. Uliniomba niulize kama wanaweza kumpa hata meza ya kujiliwaza. Wiki tatu zilizopita niliomba ruhusa kazini, nikampeleka mwenyewe.

Sikuwa nimekanyaga pale tangu utafiti wetu wa mbu ulipokatika na sisi wasaidizi wake tukapewa mkono wa kwaheri. Langoni mlinzi alimtania: "Profesa, leo umekuja na wakili?" Mjomba alicheka, akaninong'oneza kwamba huyo ni mwanafunzi wake mvivu. Jengo letu limepakwa rangi upande wa mbele tu. Mkuu wa idara, kijana mwenye adabu, alinieleza kwamba meza hakuna, hata walimu wake wanagombania viti. Akatupatia ufunguo wa chumba cha mbu tukajionee.

Unaikumbuka ile milango miwili ya chumba cha mbu. Unafungua wa nje, unaufunga, unasimama kwenye ule ujia mwembamba wa giza na kusema, "Nimefunga." Aliye ndani akijibu "Ingia," ndipo unafungua wa pili, ili mbu wasitoroke. Wewe utotoni, ukitoka shule, ulikuwa unakaa ndani kwenye kigoda, na sisi wote tulikatazwa kujibu. Kazi hiyo ilikuwa yako.

Nilitangulia kuingia. Hakuna kizimba cha mbu hata kimoja, ni viti vibovu vimepangwa hadi darini, na dirisha halina kioo. Nikasikia mlango wa nje ukifungwa, kisha sauti ya Mjomba: "Nimefunga."

"Ingia," nikajibu.

Hakuingia. Nikajibu tena. Nilipofungua, nilimkuta amesimama wima gizani, kiganja ukutani.

"Mtoto hayumo?" akaniuliza kwa upole.

Nikamwambia uko mbali. Akasema basi tungoje.

Tangu siku hiyo hakwenda tena chuoni. Amekihamishia chuo nyumbani. Jikoni, msalani, chumbani, kila mlango alisimama, akasema neno lake na kungoja. Tulimjibu mimi na mama yako mpaka tukachoka, wala hakusogea. Ilibidi tumshike mkono tumvushe.

Jumatano mama yako alikuwa anaanua nguo. Mjomba alisimama kwenye korido mpaka miguu ikamwishia, akaanguka, nyonga ikavunjika. Daktari anasema moyo wake hauwezi kustahimili upasuaji, ametupatia dawa za maumivu tu. Hakutaja muda, nami sikumuuliza.

Kitinda, ulisema utakuja mwakani mkataba ukiisha. Usingoje mwakani. Mlango wa chumba chake tunauacha wazi, lakini bado anasema "Nimefunga," kisha anaugeuzia uso na kusikiliza. Ijumaa ulipokuwa ukiongea nilimwekea simu sikioni, akaisukuma. Anausikiliza mlango.

Mama yako anakusalimu, bila kujua niliyoyaandika. Mke wangu na watoto wanakusalimu pia, na yule fundi cherehani jirani yetu, ambaye bado anadai ulimwahidi ndoa.

Mungu akufungulie njia na akufikishe salama. Ukifika, usipige hodi. Simama nje ya mlango wake, ngoja aseme, umjibu.

Ni mimi ndugu yako akupendaye siku zote,
Karani