Dawa ya Kijiko

Alhamisi, mvua. Imeanza saa nane kama kawaida ya Kakamega, lakini leo inanitia hofu. Naandika kwa simu ndani ya gari linalokimbia, kwa hiyo makosa mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa waya za magari. Wiki tatu zilizopita alikuja Madam Nafula, mwalimu anayefundisha karibu na Mumias, gia ya otomatiki ya gari lake imekataa kutoka P, ile ya kuegesha. Alikuwa amechelewa kazini, nami nilikuwa na magari mengine matatu. Nikang'oa kifuniko kidogo kilicho kando ya gia, nikaingiza mpini wa kijiko cha chai, nikabonyeza. Gia ikatoka. Nikampa kijiko, nikamwambia hiyo ndiyo dawa, arudi akipata nafasi.

Hakurudi. Arudi kufanya nini na gari linatembea?

Leo alasiri Wafula, dereva wa teksi, ameleta gari lenye ugonjwa uleule. Hakutaka nipime chochote. "Fundi, si unifanyie tu ile dawa ya kijiko? Madam anaisifianga sana."

Kusema kweli nilivimba kichwa kidogo. Lakini leo kazi ilikuwa chache, nikaamua kupima. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikajipenyeza chini ya usukani na taa ya kupimia: umeme unaingia kwenye swichi ya breki, lakini hautoki hata pedali ikikanyagwa. Gia hiyo haifunguki mpaka swichi iipe habari kwamba mguu uko kwenye breki. Na swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu za nyuma.

Nikamwambia Wafula akanyage breki, nikazunguka nyuma.

Hakuna taa hata moja.

Nilisimama pale mvua ikininyeshea. Taa za gari la Madam sikuziangalia siku ile. Ni kazi ya nusu dakika, na sikuziangalia. Kila jioni anarudi na watoto wake wawili kwenye kiti cha nyuma, katika barabara ya matrekta ya miwa. Huenda wiki tatu nzima amekuwa akifunga breki bila aliye nyuma kujua. Nilifunika kombe mwanaharamu apite, kumbe mwanaharamu mwenyewe nimempandisha gari pamoja na watoto.

Nilimpigia. Akapokea kwa kicheko, yuko njiani anarudi. "Fundi! Kuna trekta ya miwa hapa nyuma, nikipunguza tu mwendo inanipigia honi kama wazimu. Hawa watu hawanangi adabu."

Nilitaka kumwambia asimame. Kisha nikakumbuka kwamba kusimama ndiyo hatari yenyewe.

"Madam, usifunge breki. Washa hazadi kwanza, halafu..."

Simu ikakatika. Nimempigia mara sita tangu hapo, hapatikani. Sijui alisikia lipi na hakusikia lipi.

Gari la Wafula sijalitengeneza. Tumetoa gia kwa kijiko, tukawasha hazadi, zile taa za dharura za kumetameta, tukaondoka kumfuata Madam kwenye barabara ya Mumias. Nimekaa kando yake na naandika ili nisipige mayowe. Naogopa. Nikimkuta Madam amesimama kando ya barabara, mzima, na watoto wazima, nitamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti matopeni.

Wafula amepunguza mwendo. Mbele yetu magari yamepangana, na watu wanashuka na kukimbia kwenye mvua.

"Fundi," anasema polepole, "hapa hakunanga jam."