Ile Inchi Moja ya Chesi

Corrine, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni hapa gereji. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Lile gari la marehemu Curtis, ile Chevelle, baba yake, Mzee Wendell, alilileta leo kumuuzia bosi wetu Delmar. Alikuja na boksi la donati, maskini. Delmar akashusha timazi, mimi nikatia alama za chaki sakafuni, kisha nikapima chesi, ile fremu ya chini ya gari, kona kwa kona. Upande mmoja ukazidi kwa inchi nzima.

Inchi nzima! Delmar akamgeukia: "Mzee, si ulisema haijawahi kugongwa? Hii imepinda kama mundu. Unanidanganya mchana kweupe?"

Mzee akasema, "Curtis aliniapia hakuigongesha hata kwenye kopo." Akageuka, akaanza kuondoka.

Unajua ncha ya futi yetu ya kupimia imelegea, kwa hiyo tunaanzia kwenye alama ya inchi moja, halafu tunaiondoa inchi hiyo kwenye jibu. Upande wa kwanza niliiondoa. Wa pili nikasahau.

Nilijua palepale, Corrine. Palepale! Nikamwacha mzee aitwe mwongo, kwa kuogopa Delmar aseme tena, "Hesabu za aliyeshindwa kumaliza shule ya msingi hizo."

Mzee alipofika mlangoni ndipo nikasema, "Nimekosea mimi. Chesi imenyooka."

Delmar akapima upya. Sawasawa. Akaniambia, "Usiniombe radhi mimi. Mwombe yeye."

Nikamwomba. Hakukasirika hata kidogo. Akanishika mkono, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakunidanganya?"

Ndipo nikakimbilia huku.