Wiki Tuliyomsafisha Fundi

Jumamosi, Bariadi. Baridi ya asubuhi imekuja na upepo, na upepo umekuja na vumbi lote la barabarani. Nimefunga madirisha, nimebandika chai, na nina furaha ya mtu aliyefua mablanketi yote ya nyumba akayaona yamekauka.

Nataka kuandika ya wiki hii kabla hayajanitoka kichwani. Kazi yangu ni ya namna ambayo ukiimaliza huna cha kumwonyesha mtu. Mkulima ataonyesha pamba yake, fundi cherehani ataonyesha gauni. Mimi nimefuta mistari.

Nimefuta mistari mingi sana.

Ofisini tuko watatu: Mama Sayi mwenye ofisi, kaka Masanja, na mimi. Tunatengeneza programu ya vituo vya kununulia pamba. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, kompyuta inatoa risiti. Baba yangu alipokuwa kijana, mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Tangu soko lifunguliwe kampuni zinakuja, nyingine zinaondoka, na kila moja inataka risiti yenye nembo yake na maneno yake. Ndiyo maana kaka Masanja aliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kifaa cha kuunganisha vipande vyote hivyo, kuvikagua, na kutoa programu moja iliyokamilika, ya kuweka kwenye flashi na kupeleka kituoni. Alikipa jina Fundi.

Mwanzoni Fundi alikuwa faili moja. Ilipokuja kampuni ya pili, Masanja alinakili lile faili akabadilisha nembo. Ya tatu, vivyo hivyo. Mimi nilipoajiriwa nilikuta mafaili manne: jenga, jenga_mpya, jenga_mpya_kabisa na jenga_ya_kweli. Nikamuuliza ipi hasa ndiyo ya kweli.

"Inategemea," alinijibu.

Na kweli ilitegemea. Fundi alikuwa anafanya kazi, siwezi kumsingizia. Lakini kosa ukilitibu kwenye faili moja, kwenye mengine linabaki linauma. Na umeme ukikatika katikati ya kazi anaanza upya kabisa, kama mtu anayesali rozari na kila akikohoa anarudi kwenye ishara ya msalaba.

Jumatatu Mama Sayi alituletea habari njema yenye mwiba. Kampuni mpya imetukubali, vituo vyake vya upande wa Mwandoya vinafunguliwa wiki ijayo, na inataka programu yenye nembo yake kabla ya siku hiyo. Mwiba ni kwamba alishazungumza na kijana mmoja wa Mwanza anayeweza kututengenezea kifaa kingine, kipya kabisa. "Fundi amechoka," alisema. "Kama hawezi, tumpumzishe."

Masanja hakuwepo. Alikuwa hukohuko Mwandoya, anavuta nyaya na kufunga kompyuta za hiyo kampuni. Nikamfikiria akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, anakuta kazi yake ya miaka imetupwa bila yeye kuulizwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Roho yangu ilikataa.

"Mama, nipe mpaka Ijumaa," nikamwambia. "Nyumba haivunjwi kwa sababu ya vyombo vichafu."

Akanitazama. "Na Masanja umemwambia?"

Nilimpigia nikiwa nimesimama uani, maana ndani mtandao unasuasua. Baada ya salamu nikamweleza yote, na la kijana wa Mwanza pia. Swali lake lilikuwa moja.

"Unataka kumsafisha au kumbomoa?"

"Kumsafisha, kaka."

"Haya. Ila jenga_ya_kweli usiiguse mpaka nirudi."

Nikakubali. Hilo ndilo lilikuwa faili zito kuliko yote, kwa hiyo sehemu ya moyo wangu ilishukuru.

Nilianza na majaribio. Kabla ya kufuta chochote niliandika programu ndogondogo za kumpima Fundi, ili nikimharibu nijue hapohapo. Kisha nikayafungua yale mafaili mengine matatu, nikayasoma pamoja, mstari kwa mstari. Masanja ana tabia ya kujiachia maonyo. Mahali pamoja ameandika: "Usiguse hapa." Chini kidogo: "Hapa pia usiguse." Chini zaidi: "Nimegusa." Nilicheka peke yangu mpaka Mama Sayi akaja kuchungulia.

Karibu kila kitu kilikuwa kilekile, kimerudiwa. Tofauti za kampuni zilikuwa chache tu: jina, nembo, maneno ya risiti, aina ya printa. Kila kampuni nikaipa faili lake dogo la mambo hayo manne. Kazi yenyewe nikaikata vipande vifupi, kila kimoja na jina linalosema kinachofanya. Mwisho nikamfundisha Fundi kukumbuka alipofika.

Jumatano niliharibu kila kitu.

Ninaliandika hili ili nisije nikajidanganya siku nyingine kwamba mambo yalikwenda kama maji. Nilibadilisha vitu vingi kwa pigo moja, kwa tamaa ya kumaliza, na mchana Fundi akawa hawezi kujenga hata programu ya zamani. Nilikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, bila kusikia utamu wake, na matobolwa ndiyo chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani. Kwa mawazo nilimwona kijana wa Mwanza akiingia mlangoni na begi lake. Halafu nikanawa uso, nikarudisha programu ilivyokuwa asubuhi, nikaanza tena, safari hii kwa hatua fupi, kila hatua na jaribio lake. Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa naimba, mpaka Mama Sayi akafunga mlango wake.

Jana asubuhi Masanja aliingia. "Mwangaluka, dada," akanisalimia, akaweka begi chini, hakuagiza hata chai. Akafungua kompyuta akaanza kusoma.

Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko kukaa meza moja na mtu anayesoma ulivyobadilisha kazi yake. Hakunji uso, anateremka tu mstari kwa mstari. Nilijifanya napanga nyaya ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Yule mnunuzi wa Ngulyati mwenye printa ya zamani yuko wapi?" akauliza hatimaye.

Nikamwonyesha faili lake dogo. Akalisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi tuwajengee hawa wapya."

Mama Sayi akaja kusimama nyuma yetu na simu mkononi, maana yule kijana alikuwa anasubiri jibu kabla ya saa sita. Masanja akamwanzisha Fundi. Vipande vikaanza kupita kwenye skrini, cha kwanza, cha pili, na mimi nikaanza kupumua.

Umeme ukakatika.

Sanduku la betri la kushikilia umeme ofisini lilishakufa zamani, limebaki la kuegemezea mlango. Skrini ikawa nyeusi, feni ikazunguka mara za mwisho ikasimama. "Ndiyo hivyo tena," Mama Sayi akasema polepole, bila kejeli, kama mtu aliyepewa jibu ambalo hakulitaka. Tukakaa. Mbele ya duka jirani walikuwa wanapakia magunia, tukawasikiliza. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa Kisukuma, ambacho huwa nakitumia kwa mambo mazito tu.

Umeme ukarudi. Masanja akawasha kompyuta, akaandika amri ileile, akabonyeza. Fundi akajibu kwa maneno niliyomwandikia mwenyewe:

"Risiti na mizani tayari. Naendelea na nembo."

Masanja aliangua kicheko kikubwa, akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe anakumbuka!"

Hata chai ya Mama Sayi haikupoa, kazi ikaisha. Tukaiweka programu kwenye kompyuta moja ya ziada, tukachapa risiti moja ya majaribio. Mama Sayi akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akatoka nje. Tulimsikia akisema kwenye simu: "Hapana, mwanangu. Tunaye wa kwetu. Ahsante sana kwa kungoja."

Baadaye tukafungua jenga_ya_kweli pamoja. Nilidhani Masanja atahuzunika. Badala yake alinitembeza kama mwenye nyumba. Hapa aliandika akiwa kwenye kinu cha pamba, mvua inapiga bati hata hasikii mawazo yake. Hapa ni wanawe pacha, Kulwa na Doto, walipokuwa wanaota meno, ndiyo maana hakuna mstari ulionyooka. Tulitoa vilivyofaa tukavipeleka kwenye nyumba mpya, tukapima, vikafanya kazi. Kisha akalifuta faili kwa mkono wake.

"Limefanya kazi yake," alisema, akaagiza chai na maandazi ya watu watatu.

Jumatatu tunakwenda Mwandoya pamoja kuwafungia programu.

Asubuhi hii, kabla ya kuanza kuandika hapa, nimefungua kompyuta kuona kama Masanja aliongeza chochote baada ya mimi kuondoka. Aliongeza kitu kimoja. Juu kabisa ya Fundi, mahali panapotajwa mwandishi, chini ya jina lake sasa kuna la pili. Ameandika Legina. Ndivyo bibi yangu wa Ngulyati anavyoniita, na nusu ya watu wa hapa, ingawa kwenye cheti cha ubatizo mimi ni Regina.

Nilikwishapeleka kidole kusahihisha. Ni herufi moja tu, na wiki nzima sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kusahihisha.

Kidole nikakirudisha. Legina abaki hapohapo.