Koko Anselmo na neno nililolisikia vibaya

Mpendwa Koko Anselmo,

Barua hii hutaweza kuisoma, na ndiyo maana naiandika hivi. Kwa Kifaransa ningekuandikia vizuri, bila kosa, na ningekuficha nusu. Kwa Kiholanzi ningehisi mwalimu wangu amesimama nyuma ya bega langu. Lakini Kiswahili cha kwetu Bukavu sijawahi kupewa alama zake shuleni, kwa hiyo ndani yake naweza kusema yote. Nitaambatanisha tafsiri, fupi na yenye adabu, ambayo binti yako unayeishi naye sasa huko Hispania atakusomea. Yenye ukweli ni hii.

Bon. Tangu uondoke, kamati ya klabu inataka kuifuta timu yetu ya wasichana. Wanasema bila kocha hakuna timu, na kocha ulikuwa wewe. Kikao ni kesho jioni, na wenzangu wamenichagua mimi nikaseme. Mimi, Koko! Mimi niliyewahi kupitiliza kituo cha tramu kwa sababu niliona haya kumwomba mtu anipishe mlangoni. Maman ananiambia niandae hotuba. Nimekaa mezani tangu nitoke shule, na badala ya hotuba nakukumbuka wewe.

Nakukumbuka ghorofa ya chini yetu, hapa Forest, Ubelgiji, mlango wako wazi kila siku ya mechi, redio ikipiga kelele kwa Kihispania na wewe ukiijibu. Maman ndiye aliyeanza kukuita Koko, kama tunavyomwita babu yeyote. "Huyu muzee," alisema, "anaongeaka na redio kuliko sisi tunaongeaka na Mungu."

Ulinionyesha picha yako ya ujana: kijana mwembamba, nywele zimelazwa kwa mafuta, mikono nyuma kama mtu anayeficha peremende. Mshambuliaji wa kati wa mji wa wachimba makaa ya mawe, daraja la pili, miaka ya hamsini. Ulisema mpira wa wakati ule ukinyeshewa ulikuwa mzito kama mkate ulioanguka kwenye supu, na ukiupiga kwa kichwa pale kwenye kamba iliyoufunga, ulirudi nyumbani na damu kwenye paji la uso. Mama yako akiona damu aliuliza kwanza kama mmeshinda.

Na lile goli lako dhidi ya klabu kubwa! Mara ya kwanza uliponisimulia, ulifunga ukiwa karibu na kipa. Krismasi ilipofika ulikuwa umeshatoka nje ya boksi. Pasaka ulikuwa karibu na nusu ya kiwanja, umezungukwa na mabeki wanne.

"Koko, jana walikuwa wawili," nilikuambia.

"Jana nilikuwa nimechoka," ukajibu.

Siku moja ulinisikia nikipiga mpira ukutani uani, peke yangu kama kawaida. Ukatoa kichwa dirishani. "Wewe wa juu! Huo ukuta umekukosea nini? Njoo Jumamosi kiwanjani." Nilikuja kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako cha kukunja, blanketi magotini, mvua ikikunyeshea, na wasichana wote wakikusikiliza. Mpira ulipokuja kwangu, ukapiga kelele kwa Kihispania: "Mira! Mira!"

Na mimi nikameza mate.

Sasa nikuungamie vizuri. Kwetu kumira ni kumeza. Tangu nikiwa mdogo, watu wakiniuliza kitu nami nikikwama, maman ananinong'oneza: "Mira mate, kisha ujibu." Nikafikiri, huyu mzee kaishi chini ya Wakongo miaka mingi hivi, ameokota neno letu, na ameshanijua kwamba ninaogopa. Nikameza. Mtu akimeza vizuri anainua kidevu, na nilipoinua kidevu nikamwona beki anakuja kushoto na mwenzetu amesimama wazi kulia. Nikampa. Ukapiga makofi. Alors nikaamua: huyu ndiye kocha wangu.

Msimu mzima nilicheza hivyo. Ulikuwa na lile zoezi lako la kusimama nyuma yetu na fulana ya rangi, nasi tutaje rangi yake kabla mpira haujatufikia miguuni. "Mpira upokeeni kwa macho kwanza," ulisema. Wenzangu walikuwa wanatazama. Mimi nilikuwa nameza, halafu natazama. Mpaka mapumziko nilikuwa na kiu ya ajabu.

Halafu ile Jumapili kule Flagey, baada ya soko, tumekaa nje ya mkahawa na maman. Ukanyoosha kidole: "Mira, el perro!" Mbwa alikuwa ameiba pakiti nzima ya frites, chipsi za hapa, na anakimbia nayo. Nikakuuliza, kwa dhati kabisa, kwa nini tummeze mbwa.

Ulinitazama. Nikakueleza neno letu. Kahawa ikakutokea puani. Ulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tuite daktari. Hapo ndipo nilipojua kwamba mira yako ni "tazama," na kwamba hukuwahi kujua hata neno moja la Kiswahili. Maman alishika kichwa: "Yesu wangu! Mwaka muzima mutoto anamira mate mu kiwanja!" Niliona aibu, ndiyo, lakini ilikuwa aibu tamu. Sikujua kama ipo ya namna hiyo.

Ulipomaliza kupangusa macho ukaniambia jambo ambalo hukuwa umemwambia mtu hapa. Watu wote wanaamini goti ndilo lililomaliza mpira wako. Kumbe goti lilikuwa zima. Ni mdomo. Rais wa klabu yenu aliwafukuza wachezaji vijana bila hata kuwaaga, nawe ukamwambia mbele ya watu wote yeye ni nani, mama yake ni nani, na mbuzi wake ni nani. Kesho yake hukuwa na klabu, wala klabu nyingine haikukutaka. Ukapanda treni kuja Ubelgiji kufunga milango ya magari kiwandani.

"Ungemeza kwanza," nilikuambia.

"Ningemeza kwanza, kisha ningemwambia vilevile. Lakini mbuzi ningemwacha."

Jumapili zako ukawa kocha wa Wahispania wa kiwandani, kisha wa watoto wao, kisha wa Wamoroko, Waturuki, sisi. Uliniambia kufunga goli ni furaha ya mtu mmoja anayekimbia, ila ukocha ni furaha ya kukaa kitini. Na siku ya kuondoka, umevaa koti zuri, masanduku mlangoni, ulinishika sikio: "Mimi nilisema sana nikapoteza timu yangu. Wewe usije ukanyamaza mpaka upoteze yako."

Ndiyo hivyo. Kesho ni kesho. Maman ananiita kula.

*

Naendelea leo, siku moja baada ya kikao.

Nilisimama, Koko. Nilianza kwa Kifaransa, kwa sababu rais wa kamati ni mtu wa Kifaransa. Nikaona katibu, Mflamandi, anatazama simu yake, nikahamia Kiholanzi. Akainua uso kama mtu aliyeitwa na mama yake. Nilisema sisi ni kumi na wanne na tunakuja hata mvua ikinyesha. Nilisema mazoezi yako yote nayajua, nitayaendesha mwenyewe. Rais akasema, kwa upole, kwamba timu inaweza kufutwa bila sisi kukasirika. Hapo Kifaransa na Kiholanzi vyote vikanikimbia, nikajikuta nasema: "Siondoke hapa!" Hakuna aliyeelewa. Wote walielewa.

"Una miaka kumi na sita," akasema. "Mtu mzima atakayewajibika ni nani?"

Nyuma, karibu na mlango, maman alikuwa ananisubiri tu, koti mwilini, mfuko wa sombe, kisamvu chetu, mkononi. Akainua mkono wenye mfuko.

"Madame anajua mpira?"

"Mpira sijue," akasema maman. "Batoto, najua."

Katibu ndiye aliyecheka wa kwanza. Wakapiga kura palepale. Timu inabaki!

Jumamosi tunacheza ugenini. Maman anataka kujua kuotea ni nini, na nikimweleza anasema sheria hiyo ni ya wivu. Na wasichana wananipigia simu mmoja mmoja, kila mmoja anataka kuwa nahodha. Tangu asubuhi nawaambia hapana, kwa sauti kubwa, na wananisikia.

Kaa vizuri kwenye jua lako, Koko, na umwachie binti yako redio mara mojamoja.

Mjukuu wako wa ghorofa ya juu,
kocha