Bibi Anasali kwa Lugha ya Wadachi

Mpendwa Mama Régina,

Naomba unisaidie upesi, maana siku zinakimbia, usingizi umenihama, chakula cha shule nampa mwenzangu wa kitanda cha pili, na kila lori la kutoka kijijini kwetu Wamaza likiingia hapa Kasongo najificha, nadhani limemleta mtu wa kwetu kuniuliza. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari kwa mapadri, nina miaka kumi na saba, nimelelewa na bibi mzaa baba tangu mama alipofariki, na ni yeye aliyelima mpunga na kukamua mawese ili mimi nivae viatu nisome Kifaransa, na Kifaransa anakipenda kweli, nikirudi likizo ananisimamisha mbele ya majirani ananiambia sema, nami nasema lolote, hata majina ya vyombo vya jikoni, nao wanapiga makofi.

Sasa mwaka huu Padri mmoja, ambaye kwao ni upande ule wa Ubelgiji wanakosema Kijerumani nyumbani, alianza kutufundisha lugha hiyo sisi wachache aliotuchagua, na mimi nikaipenda, Mama, siwezi kuficha, inanikaa mdomoni vizuri kuliko Kifaransa, na Padri amesema nikiendelea hivi atanisemea nipelekwe shule kubwa.

Lakini kwetu Wajerumani, Wadachi kama wanavyoitwa, hawatajwi. Babu yangu, ambaye mimi nimepewa jina lake, alichukuliwa na askari akiwa shambani wakati wa vita kuu ya kwanza, ile ya Tabora, wakambebesha mizigo wakaenda naye kupigana na Wadachi, hakurudi, na wa kijiji chetu waliokwenda naye hakurudi hata mmoja. Na desturi yetu, mtu akifia mbali, aliyemwona akifa ndiye anayekuja kukaa kwenye mkeka wa mjane, anaeleza alikufaje na wamemlaza wapi, ndipo matanga yanaondolewa. Kwa bibi hakuja mtu. Basi toka vita ile mpaka leo bibi yuko matangani, hakuolewa tena, hachezi ngoma ya harusi, sikukuu hajipaki mafuta, hata baba alipooa yeye alikaa nyuma ya nyumba. Na mimi, kwa ajili ya jina lile, ananiita bwana yangu.

Likizo ya Pasaka nilikuwa nakariri somo langu la Kijerumani kwa sauti nyuma ya nyumba, sikujua kwamba bibi yuko upande wa pili anaanika mpunga. Akatokea, akasimama.

"Bwana yangu, hii haiko Kifaransa. Iko luga gani?"

Nilitaka kusema kweli, Mama, Mungu anajua, lakini nilimwona uso, mdomo wangu ukasema wenyewe: "Iko Kilatini, Bibi. Ile ya misa. Iko maombi."

Akaketi chini palepale akalia. Kwetu Padri anafika mara chache, na misa anaisoma kwa sauti ya chini, basi angejuaje? Akasema, "Mungu amesikia. Mutu wa kuniambia bwana yangu alikufa namna gani hakukuja. Lakini mutu wa jina yake amekuja na maneno ya Mungu. Hayo maneno ndiyo yataondoa matanga yangu." Kesho yake akaniomba nirudie, na siku iliyofuata tena, polepole, mpaka akayashika. Sasa shangazi yangu Odile ameniandikia kwamba bibi anayasema akitwanga, anayasema akipepeta, anayasema kabla ya kulala, na ameita ndugu wote, hata wale wanaokaa Salamabila, na matanga yataondolewa mwezi wa saba mpunga ukishavunwa, na mimi nitasimama mbele ya watu niseme yale maneno naye akiitikia.

Mama Régina, somo lile ni habari ya mkulima wa Ulaya ambaye farasi wake amekataa kuvuka daraja kwa sababu ya theluji. Hakuna Mungu ndani yake. Kuna farasi.

Rafiki yangu Marcellin ananiambia nisali Baba Yetu ya Kilatini, lakini bibi maneno anayajua sasa, nikibadilisha moja atanishika. Nilifikiri niyaseme tu yaishe, Wamaza nani atajua, lakini juzi Padri aliniita akicheka, akasema bibi amemtumia mwaliko na atakuja kwa furaha, ni Padri yuleyule, Mama, wa Kijerumani, atakaa mbele amsikie bibi yangu anamlilia farasi. Nimefikiri kuacha Kijerumani kabisa. Nimefikiri kujifanya mgonjwa. Nikisema kweli bibi atarudi kwenye mkeka ule na safari hii atafia hapo, nisiposema nitamwekea babu maneno ya Wadachi juu ya kichwa chake. Nifanye nini? Tafadhali usichapishe jina langu.

Mimi mwanafunzi mwenye mashaka, Kasongo


Kijana wangu,

Nilipofika kwa farasi nilicheka, sikufichi. Kisha nikamwona mama wa watu anapepeta mchele huku akimtaja mnyama huyo kwa machozi, nikaacha kucheka, nikakukasirikia.

Uongo wa kwanza ulikutoka kwa woga, na wa umri wako anaweza kuogopa, nakusamehe huo. Lakini alipokuja kesho yake kuomba urudie, ulirudia. Polepole, unasema, mpaka akayashika! Huo haukuwa woga tena. Ulikuwa mwalimu. Padri anakutia lugha za Ulaya kichwani, za nyumbani unazo toka utotoni, na katika zote hizo hukupata hata moja ya kumwambia bibi yako kweli.

Marcellin mwambie anyamaze, anataka kuziba uongo kwa Baba Yetu. Na huo ugonjwa wa kujifanya hautakusaidia kitu, bibi ataahirisha matanga akungoje upone, na uji atakupikia.

Kijerumani usiache. Kukiacha kwa siri ni kumdanganya mara ya pili. Tena nakuambia umeisoma vibaya hasira ya bibi yako. Babu yako hakutolewa shambani na Wadachi. Muulize bibi, siku atakayokuwa tayari kuulizwa, wakubwa wa askari wale walikuwa wakiamrishana kwa lugha gani mlangoni pake. Anaijua. Ndiyo hiyo anayokusimamishia mbele ya majirani uiseme. Wachapaji wa gazeti hili wataniruhusu kuishia hapo, na wewe una akili, malizia mwenyewe. Mwanamke aliyeweza kumeza hayo ili wewe uvae viatu si yai. Ataumia, ndiyo. Ataumia sana. Lakini usimfanye mtoto asiyeweza kuambiwa neno.

Sasa sikiliza. Kabla ya kufunga sanduku lako mwendee Padri umweleze yote, asije akasafiri mpaka Wamaza kuaibishwa na kazi yako. Siku ya kufika nyumbani, kabla hujala, mwite shangazi Odile, piga magoti mbele ya bibi, na usiseme kwa Kiswahili cha shule, sema kwa Kibangubangu alichokulea nacho. Mwambie maneno yale ni Kidachi, mwambie ulimdanganya, mwambie yanasema nini. Farasi usimwache nje, atamsikia baadaye kwa mtu mwingine na itakuwa vibaya zaidi. Wewe usilie, mwachie yeye nafasi ya kulia. Akikutukana, tukanika. Akikufukuza, lala kwa shangazi na asubuhi urudi ukamchotee maji kana kwamba hakukufukuza. Akisema matanga basi, ni wewe utakayezunguka kwa ndugu wote kuwaambia, mpaka Salamabila, kwa miguu yako na kwa mdomo wako.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliona, ingawa uliliandika wewe mwenyewe. Bibi yako hakukosa maombi miaka yote hii. Alikosa mtu. Hapa Kasongo wako bado wazee waliobeba mizigo ya vita ile wakarudi, wachache, na mmoja ni baba yangu mkubwa, mzee Bulaimu, anayekaa karibu na msikiti. Nilimwendea, nikamweleza bila kukutaja. Akasema:

"Mimi simujui huyo mutu, sitasema uwongo. Lakini njia ninaijua. Naliona namna walikufa, na wenye walifia karibu yangu nalizika na hii mikono. Huyo mama akinitaka, nitaenda kukaa kwa mukeka yake. Nitamuambia yenye naliona, basi."

Nikamwambia ninyi ni Wakristo. Akaniuliza kama huko Tabora mizigo ilikuwa inauliza dini. Basi mwendee kabla ya likizo, msalimie vizuri, kaa naye. Lakini usimpeleke kwenu kwa kumshtukiza bibi, umeshampangia mambo ya kutosha. Mwambie kwamba mzee huyo yupo, halafu nyamaza, aamue mwenye matanga.

Jibu hili nimekutumia shuleni kwa posta kwanza. Gazeti litatoka wewe ukiwa umeshafika nyumbani, na jina lako halimo kama ulivyoomba. Lakini mimi ni mtu wa huku. Najua kwamba kwenu katekista hulisoma gazeti hili kwa sauti Jumapili watu wakitoka kusali, na yuko mtu mmoja hapo asiyehitaji kusomewa jina. Kwa hiyo una siku zile tu za kabla ya Jumapili hiyo. Sikuonei. Nimekufungia mlango wa nyuma, kwa sababu nakujua ungeutumia.

Na wewe, mama yangu uliyeketi hapo unasikiliza, kama ameshakuambia, utusamehe kwa kukurudishia uchungu mbele za watu. Kama hajakuambia, ndiyo, ni yeye, huyo anayetazama chini. Mgombeze ukitaka, ana haki ya kugombezwa. Lakini ukimaliza kumgombeza, mtume kwa miguu mpaka Kasongo, leo hii, kwa sababu mtu wa kukaa kwenye mkeka wako yupo, mama, na ni mzee sana.

Mama Régina