Bundi Niliyekutumia kwenye Fremu

Ndiyo mama, ni bundi. Jirani yako Bi Zena hajakudanganya, ingawa ningependa angedanganya mara hii tu. Shikamoo. Macho yanasemaje? Karatasi hii nimeipiga picha nikamtumia dada akusomee, maana kwenye simu nitaanza utani. Dada, usiruke mistari, nakujua.

Mama, nasikia umegoma kwenda kutolewa mtoto wa jicho Alhamisi, eti mwanao kakutumia kifo ndani ya fremu.

Ilikuwa hivi. Kazi yangu hapa Brussels ni kuhamisha vyombo kwenye nyumba za watu waliofariki. Bosi wangu mzee wa Kikongo, tunamwita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Kwenye nyumba moja mtaa wa Evere tukakuta kipicha cha kuchapwa, cha zamani sana, kidogo kama kiganja. Majani yamejisokota kama nakshi za mlango wa babu, katikati bundi, ndege wadogo wamemzunguka. Tonton akasema huku bundi ni alama ya akili. Nikaona mama aliyenichapa miaka minne nisome, nami nikawa najificha kwa muuza mihogo, atacheka. Nikakitia fremu, nikampa mgeni aliyekuja Tanga akuletee.

Jana nikamfuata tonton dukani kwake, kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, picha ninayo kwenye simu.

"Tonton, akili gani hii? Mama anakataa hospitali."

Akavaa miwani, akaikuza. "Bon, angalia muguu yake. Banamufunga kamba. Bale ndege badogo banakuya kumutukana, alors muntu anabakamata."

"Mbona uliniambia akili?"

"Uliniuliza wakati niko na kabati ya bantu ku mugongo."

Nimeiangalia mpaka usingizi ukanipotea. Mama, huyo hajaleta kifo cha mtu, ni chambo tu cha kunasia ndege. Kafungwa mguu, hawezi kuruka, na wote wanamzomea. Nikajiona mimi. Kila mwezi nakwambia narudi mwezi ujao, nasingizia tiketi. Si tiketi. Karatasi za kuishi hapa wameninyima mara mbili. Nikitoka sirudi tena, nikibaki natembea nachungulia kona. Ndiyo maana sikuja kumzika baba. Nilikwambia kazi zimenibana. Uongo.

Nisalimie shangazi, na mjomba fundi cherehani. Bi Zena naye, kwa mbali.

Sasa tupatane, mama. Wewe Alhamisi nenda katolewe hicho kitu jichoni. Mimi kuanzia leo ukiniuliza narudi lini nakujibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni sijui. Ukikubali, nipigie ukiwa kwenye foleni pale hospitali, uniulize.

Mwanao, Athumani